Bango Kabla ya Bango: Uteuzi wa Mokapu katika Uwasilishaji wa Nembo za Biashara Jijini Mwanza

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna msanifu wa nembo anavyoweza kuteua mokapu za mabango zinazooana na hali halisi ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Mokapu ni picha ya mfano inayomwonyesha mteja nembo yake ikiwa imekwishawekwa ukutani, mlangoni au kwenye chombo cha usafiri, kabla kitu chochote hakijatengenezwa. Kwa kutumia mkabala wa mandhari-lugha na mtazamo wa Scollon na Scollon (2003) kuhusu ishara na mahali pake, makala inajenga hoja kwamba violezo vya mokapu vinavyosambazwa mtandaoni hubeba ndani yake jua, mtaa na lugha ya mahali pengine. Violezo hivyo vinapotumiwa bila kupimwa, mwenye duka hulipia bango lisilosomeka, na Kiswahili hupoteza nafasi ukutani kwa sababu zisizohusiana na matakwa ya msemaji wake.

1.0 Utangulizi

Mfanyabiashara anayekodi fremu Kirumba, Igoma au Buzuruga hukutana na bango lake mara mbili. Kwanza huliona katika kioo cha simu, likiwa picha aliyotumiwa na msanifu. Baadaye huliona likiwa limefungwa kwa skrubu juu ya mlango. Baina ya nyakati hizo mbili hutoka fedha: malipo ya awali ya usanifu, bei ya skwea paipu na fleksi au herufi za akriliki, ujira wa fundi wa kuchomelea, na ada ya bango ambayo hukokotolewa kwa kuzingatia ukubwa wake. Bidhaa iliyododa rafuni huweza kuuzwa kwa bei ya hasara. Bango lenye jina la mtu halina mnunuzi wa pili.

Mara nyingi makubaliano ya kazi hii hayaandikwi. Mteja huangalia picha, husema "sawa, endelea", na kuanzia hapo picha hiyo ndiyo mkataba. Hapo ndipo lilipo tatizo linaloshughulikiwa na makala hii, kwa kuwa picha yenyewe haikupigwa Mwanza. Imepigwa, au imeundwa kwa kompyuta, na mtu aliyekuwa akiufikiria mtaa wa nchi nyingine, kisha ikauzwa au kugawiwa bure kwa wasanifu wa dunia nzima.

Landry na Bourhis (1997), ambao makala yao imekuwa mwanzo wa tafiti nyingi za mandhari-lugha, walielekeza macho ya watafiti kwenye lugha ya alama za barabarani, majina ya mitaa, vibao vya maduka na mabango ya matangazo. Uchunguzi wa aina hiyo huanza pale ishara inapokuwa imekwishatundikwa. Makala hii inarudi nyuma hatua moja, hadi kwenye picha iliyomshawishi mteja akubali ishara hiyo iwe hivyo ilivyo.

2.0 Picha Inayojifanya Ushahidi

Katika semiotiki ya Peirce, ikoni huwakilisha kitu kwa kufanana nacho, ilhali kielekezi huwakilisha kitu kwa kuwa na uhusiano wa kweli nacho, kama moshi ulivyo kielekezi cha moto. Picha ya kamera ina sifa zote mbili: inafanana na kitu, na mwanga uliotoka kwenye kitu hicho ndio ulioiandika. Mokapu huazima sifa hiyo ya pili bila kuilipia. Ukuta unaoonekana ulikuwepo mahali fulani, kivuli kinaonekana cha kweli, hata doa la maji chini ya dirisha lipo. Nembo peke yake ndiyo isiyowahi kuguswa na mwanga huo. Mteja hana sababu ya kutenganisha vitu hivyo viwili, na pengine hatupaswi kumtarajia avitenganishe.

Ufundi wenyewe si wa siku nyingi. Tangu programu ya Photoshop, katika toleo la CS2 la mwaka 2005, ilipoingiza tabaka maalumu ambalo mtumiaji hubandika mchoro wake humo na programu ikaupinda yenyewe kufuata umbo lililoandaliwa, kazi iliyohitaji saa kadhaa imekuwa ya dakika chache. Kabla ya hapo, fundi wa rangi alichora mistari ya chaki palepale ukutani, mteja akavuka barabara na kuangalia kutoka upande wa pili. Ile chaki ilikuwa mokapu pia, tena ya ukubwa kamili, chini ya jua lenyewe, na mtazamaji akiwa mahali atakaposimama mnunuzi. Teknolojia mpya imeongeza uzuri na kasi. Kilichopotea ni mahali.

Scollon na Scollon (2003) wanasisitiza kwamba maana ya ishara hutokana na mahali ilipowekwa katika ulimwengu wa vitu: neno lilelile hubadilika maana linapohama kutoka mlangoni kwenda kwenye karatasi. Kwa mtazamo huo, mokapu huuliza swali ambalo msanifu hulijibu kila anapochagua kiolezo, ajue au asijue: bango hili liko wapi, na ni nani anayelitazama?

3.0 Jina la Kiswahili katika Kiolezo cha Herufi Nane

Violezo vingi vya vibao vya maduka vimeundwa kwa neno moja fupi. Ubao ni mrefu na mwembamba kama rula, na katikati yake kuna nafasi ya neno lenye herufi tano hadi nane. Kiingereza hutosha humo kwa urahisi. Kiswahili cha biashara hujengwa kwa kirai chenye kiunganifu cha -a: duka la vifaa vya ujenzi, saluni ya kike, kiwanda cha mikate, mgahawa wa samaki. Kirai hicho kinapoingizwa katika kiolezo cha neno moja, kitu fulani hulazimika kutoa nafasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni duka la dawa muhimu. Maneno hayo si pambo la mwenye duka. Ni jina la daraja la leseni, lililotokana na mpango ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni daraja tofauti na famasi, ambayo ina masharti mengine ya kitaalamu. Msanifu hawezi kulifupisha jina hilo kuwa neno la Kiingereza lenye herufi 8 kwa sababu tu linakaa vizuri katika picha. Akifanya hivyo, anampa mteja wake bango linalodai leseni asiyokuwa nayo, na anampotosha mgonjwa anayetafuta dawa.

Tufanye hesabu. Fremu ya kawaida tuichukulie kuwa na upana wa mita 3, na baada ya kuacha nafasi pembeni zibaki mita 2.7 za maandishi. DUKA LA DAWA MUHIMU ina herufi 16 na nafasi 3 za maneno, jumla vipashio 19. Kwa herufi kubwa za kawaida, kila kipashio huchukua upana wa takribani asilimia 70 ya kimo cha herufi. Kwa hiyo maandishi yote katika mstari mmoja yatakuwa na urefu wa mara 13.3 ya kimo hicho, na kimo kitakachopatikana ni sentimita 20 tu. Neno la herufi 8 katika ubao uleule lingeweza kufikia sentimita 48, iwapo ubao ungeruhusu. Mafundi wa mabango katika nchi nyingi hutumia kanuni ya inchi moja ya kimo kwa kila futi kumi za umbali, yaani uwiano wa 1 kwa 120. Kwa kanuni hiyo, herufi za sentimita 20 husomeka bila taabu kutoka mita 24, na zile za sentimita 48 kutoka mita 58 hivi.

Mtu anaweza kuhitimisha haraka kwamba Kiingereza kinafaa zaidi kwa mabango. Hitimisho hilo ni la kiolezo, si la lugha. Vunja kirai katika mistari miwili, DUKA LA DAWA juu na MUHIMU chini, na mstari mrefu unabaki na vipashio 12 tu. Kimo cha herufi sasa kinaweza kufika sentimita 32. Ubao wenye kimo cha sentimita 90 unabeba mistari miwili ya sentimita 30 na nafasi ya sentimita 10 juu, katikati na chini, na bango linasomeka kutoka mita 36. Umbali umeongezeka kwa nusu bila kufuta hata herufi moja. Kilichohitajika ni mokapu yenye ubao wa mistari miwili, na mokapu za namna hiyo zipo. Si zile zinazotokea kwanza msanifu anapotafuta.

Naona hapa pana jambo linalowahusu moja kwa moja watafiti wa mandhari-lugha. Tunapohesabu vibao vya Kiingereza katika mtaa fulani na kuvitafsiri kama dalili ya mwelekeo wa wafanyabiashara kuhusu lugha, tunachukulia kwamba kila jina lilichaguliwa kwa hiari baada ya kupima hadhi ya lugha. Baadhi ya majina hayo huenda yalifupishwa au kubadilishwa mbele ya kompyuta, kwa sababu jina la Kiswahili "halikukaa". Mwelekeo wa lugha na upana wa kiolezo ni vitu viwili, na data ya picha za mtaani peke yake haiwezi kuvitenganisha.

Kuna hila nyingine ndogo. Violezo vya Kiingereza vina mazoea ya kukifanya kiunganishi kuwa kidogo na chenye madoido, kikiwa katikati ya maneno makubwa. Msanifu anapoyahamishia mazoea hayo katika Kiswahili, la, ya na cha hugeuka vijimea vya mapambo. Lakini kiunganifu chetu hubeba upatanisho wa ngeli. Msomaji anapokikosa, anasoma orodha ya nomino. Pia kuna kitone cha ng'. Bucha la nyama ya ng'ombe, au jina la Kisukuma lianzalo kwa Ng'w-, huhitaji alama hiyo ya juu, na fonti nyingi za mapambo zinazokuja pamoja na mokapu huigeuza ikaangalia upande usiofaa au huiweka mbali kiasi cha kuonekana kama neno limekatika. Kabla ya kuteua mokapu yenye fonti yake, msanifu aandike humo "ng'ombe" na atazame.

4.0 Jua la Mwanza na Kivuli cha Herufi

Mwanza iko takribani digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri husimama utosini. Mwezi Juni huegemea kaskazini, mwezi Desemba huegemea kusini, lakini hata linapoegemea zaidi halishuki chini ya digrii 64 kutoka upeo wa macho saa ya adhuhuri. London, mwezi Desemba, jua la adhuhuri huwa juu kwa digrii 15 tu. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini mokapu nyingi za herufi zilizochomoza ukutani hupendeza katika picha na hutatiza mtaani.

Chukua herufi zilizochomoza sentimita 5 kutoka ukutani. Jua la digrii 15 likizipiga kwa mbele, kivuli chake hushuka sentimita 1.3, wembe mwembamba wa kiza unaozipa herufi uzito. Jua la digrii 64, kama lile la Juni kwenye ukuta unaotazama kaskazini, hushusha kivuli cha sentimita 10. Jua la Desemba kwenye ukuta unaotazama kusini, likiwa digrii 69, hushusha kivuli cha sentimita 13. Ile nafasi ya sentimita 10 tuliyoiacha baina ya mistari miwili ya duka la dawa imejaa kiza chote. Saa ambayo barabara ina watu wengi, herufi zinaonekana kama zimemwagikiwa na wino.

Haimaanishi kwamba herufi zilizochomoza ziachwe. Zinaweza kuchomoza sentimita 2, au ukuta wa nyuma ukapakwa rangi iliyokoza ili kivuli kipotee ndani yake na herufi nyeupe zibaki zimesimama. Linalotakiwa ni kwamba mokapu itakayoteuliwa ionyeshe mwanga unaotoka juu. Kipimo chake ni rahisi: tazama kivuli cha kitu chochote katika picha, iwe bawaba, taa au sega la dirisha. Kama kimelala kwenda pembeni kwa urefu, picha ni ya asubuhi, ya jioni, au ya nchi ya mbali.

Katikati ya mji hali huwa kinyume. Majengo ya kale ya wafanyabiashara yana baraza mbele ya maduka, na bango lililowekwa chini ya paa la baraza hukaa katika kivuli kizito huku barabara mbele yake iking'aa. Jicho lililozoea mwangaza wa nje huliona bango hilo likiwa limefifia kuliko lilivyo. Nembo ya kijivu kilichokoza juu ya nyeusi, mtindo unaopendwa sana katika mokapu za siku hizi, humezwa kabisa mahali pa namna hiyo.

5.0 Umbali, Mwendo na Pembe

Mokapu humweka mtazamaji mbele ya bango, uso kwa uso, mita nne au tano hivi, akiwa amesimama. Ni nani mtaani anayesoma hivyo? Ni yule aliyekwisha kufika. Bango linamhitaji zaidi yule asiyejua kwamba duka lipo.

Umbali unaweza kuigizwa kwa simu ileile inayotumika kumtumia mteja picha. Upana wa bango ukigawanywa kwa umbali wa mtazamaji unalingana na upana wa picha yake ukigawanywa kwa umbali wa simu kutoka machoni. Bango la mita 3 likitazamwa kutoka mita 40, na simu ikishikwa sentimita 30 kutoka usoni, bango hilo halipaswi kuzidi sentimita 2 na robo katika kioo. Herufi za sentimita 20 zitakuwa na kimo cha milimita 1.5. Msanifu anayemtumia mteja wake picha ya bango iliyojaza kioo kizima amemsogeza hadi mlangoni bila kumwambia.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ni kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi nchini, gari hupita mita 24 kwa muda usiofika sekunde 2, na mita 36 kwa takribani sekunde 2 na nusu. Pembe huongeza ugumu. Abiria wa daladala aliye mita 24 kabla ya kulifikia duka lililo mita 10 kando ya njia yake hulitazama bango kwa mshazari, kiasi kwamba mita zake 3 za upana huonekana kama mita 1.15. Kwa barabara kama ya Nyerere kuelekea Igoma, kibao kidogo kinachochomoza kutoka ukutani na kumtazama anayekuja chaweza kufanya kazi kubwa kuliko ubao mpana uliolala sambamba na barabara. Mokapu za vibao vya aina hiyo zipo nyingi, ingawa wasanifu wetu huzichukulia kama mapambo ya migahawa. Tahadhari moja: mokapu inayoonyesha nguzo ya bango imesimikwa mbele ya duka inachora kitu ambacho huenda hakiruhusiwi. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Wenye nyumba zilizopata kuchorwa alama ya X wanaijua tarakimu hiyo bila kufunguliwa sheria.

Mfano mzuri kuliko yote wa namna mahali panavyobadilisha bango uko Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi msafiri wa Sengerema na Geita alisimama pale kusubiri kivuko. Alikuwa msomaji mwenye muda. Aliweza kusoma bei, namba ya simu, hata maneno madogo ya chini, huku akila samaki. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na msomaji huyo akapanda gari. Bango lililoandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama halikusogea hata sentimita moja, lakini mahali pake, kwa maana ya Scollon na Scollon, pamehama. Msanifu anayepewa kazi ya mgahawa katika eneo hilo leo, akiteua mokapu ya meza na ubao wa menyu mlangoni, anamsanifia abiria wa kivuko.

6.0 Majirani wa Bango

Ukuta wa kiolezo huwa wa kijivu, msafi, na hauna jirani. Fremu za Mwanza zimepangana bega kwa bega, na nyingi zimepakwa rangi za kampuni: mwenye duka hupata ukuta uliopakwa, kampuni hupata ukuta wa kujitangazia. Rangi hizo hazitulii. Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008, na Zain kuwa Airtel mwaka 2010, kuta zilibadilika mara mbili katika miaka michache. Vodacom ikaacha buluu na kuchukua nyekundu mwaka 2011. Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Nyekundu ya Coca-Cola ilikuwepo kabla ya zote hizo.

Kwa hiyo nembo nyekundu inayoonekana shupavu juu ya ukuta wa kijivu yaweza kuwa ya tano au ya sita ya rangi hiyo katika safu ya maduka kumi. Hakuna mokapu ya kununua itakayomwonyesha msanifu hali hiyo. Itabidi apige picha ya safu nzima, maduka mawili kulia na mawili kushoto, kisha aingize nembo ndani yake. Hapo mteja mwenyewe, bila kuhitaji somo la nadharia ya rangi, atasema kwamba duka lake halionekani.

Mbele ya ukuta pia pana watu. Tangu wamachinga walipohamishwa na kupangwa upya mwaka 2021, sehemu za mbele za maduka katikati ya mji zimefunguka, lakini miavuli, bajaji, pikipiki zilizoegeshwa na magunia ya bidhaa bado huziba sehemu ya chini ya mandhari. Nembo iliyochorwa kwenye kioo cha dirisha kwa usawa wa kiuno, ambayo ni mokapu inayopendwa mno, hapa itasomwa na tairi la bodaboda. Isitoshe, maduka mengi hayana kioo. Yana mlango wa bati wa kukunja, ambao mchana huwa umekunjwa juu pamoja na chochote kilichochorwa juu yake.

7.0 Malighafi, Rangi na Usiku

Mokapu hudanganya zaidi katika malighafi kwa sababu hugharimu kiasi kilekile kuonyesha shaba au bati. Msanifu anayejua kwamba mteja ataishia kwenye fleksi iliyotandazwa juu ya fremu ya skwea paipu, na bado akamwonyesha herufi za chuma kilichosuguliwa juu ya mbao, amemuuzia kitu kingine. Fleksi ina mikunjo pembeni, hulegea, hupigwa na upepo wa ziwani. Wino wake pia hufifia kwa mpangilio unaojulikana: njano na nyekundu hutangulia kuondoka, buluu na nyeusi hubaki. Ndiyo maana mabango ya zamani, yaliyokuwa na nyuso za watu na sahani za vyakula, huishia kuwa ya kibuluu kama yamezamishwa majini. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la ikweta katika mwinuko huo halina huruma na wino. Nembo ambayo utambulisho wake wote uko katika rangi ya chungwa inafaa ionyeshwe mara ya pili ikiwa imepunguzwa njano na nyekundu kwa nusu. Kama bado inatambulika, umbo lake linajitegemea.

Biashara za uvuvi zina uso mwingine ambao violezo haviujui: ubavu wa mtumbwi. Mbao zake hupandana, zimepinda, zimepakwa lami au rangi, na tayari zina namba ya usajili ambayo haiwezi kufunikwa. Mokapu za boti zinazopatikana ni za boti za fiberi, nyeupe na laini. Nembo yenye mistari myembamba ikihamishwa kutoka boti hiyo hadi kwenye mbao za Mwaloni itakatika kila ubao unapopanda mwenzake. Hapa picha ya mtumbwi wenyewe haina mbadala.

Kuhusu usiku nitasema machache. Mokapu za herufi zinazowaka hupigwa wakati wa machweo marefu ya nchi za kaskazini, mbingu ikiwa ya buluu kwa saa nzima. Machweo ya Mwanza ni mafupi. Jua huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi hivi jioni mwaka mzima, na baada ya dakika ishirini na chache ni usiku. Uzuri ule wa picha, basi, ni wa dakika chache kwa siku. Halafu kuna wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi juu ya maji. Hufuata mwanga, hujaa ndani ya sanduku la taa lisilozibwa vizuri, na mizoga yao hutia madoa kwenye uso wa plastiki. Bango linalowaka karibu na maji lisanifiwe kama kitu kitakachofunguliwa na kusafishwa, na herufi zenye vijiti vyembamba mno, ambavyo taa za LED hazipati nafasi ndani yake, zisionyeshwe zikiwaka.

8.0 Utaratibu wa Uteuzi

Kutokana na maelezo hayo, uteuzi unaopendekezwa hauanzii kwenye maktaba ya violezo. Unaanzia kwenye futi ya kupimia na simu. Msanifu apime upana wa fremu na kimo cha sehemu ya bango, apige picha adhuhuri kutoka upande wa pili wa barabara, nyingine kutoka mahali abiria anapoanza kuliona duka, na ya safu nzima pamoja na majirani. Mara nyingi picha hizo zinatosha kuwa mokapu zenyewe: nembo ikibandikwa kwa namna inayoiruhusu kuchukua madoa na vivuli vya ukuta, mteja anaona duka lake. Angalizo la kifundi ni kwamba mbinu ya kuchanganya matabaka kwa kuzidisha mwanga hufuta nyeupe na kuzima rangi nyepesi juu ya ukuta uliokoza. Nembo nyeupe ibandikwe bila mbinu hiyo, la sivyo haitaonekana.

Kiolezo cha kununua kinapokuwa cha lazima, kwa mfano jengo halijaisha, kichaguliwe kwa umbo la ubao kwanza, yaani idadi ya mistari inayobeba jina kamili la Kiswahili, kisha kwa mwelekeo wa mwanga, kisha kwa malighafi ambayo mteja ana uwezo wa kuilipia. Maneno ya kigeni yaliyomo katika picha, kama vile yale ya mlangoni au ya duka la jirani, yafutwe au yaandikwe upya, kwa kuwa nembo ya Kiswahili iliyozungukwa na mtaa wa Kiingereza huonekana kuwa ndiyo mgeni.

Picha ya kwanza kumfikia mteja iwe ile ya mbali. Ya karibu ije mwisho, maana baada ya kuiona hiyo hakuna anayetaka kurudi nyuma. Na katika pembe ya kila picha paandikwe kwa maandishi ya kawaida: saa iliyoonyeshwa, umbali wa mtazamaji kwa mita, kimo cha herufi kwa sentimita, na malighafi. Fundi wa kuchomelea, ambaye kwa kawaida hupewa picha hiyo bila vipimo na kuambiwa "tengeneza kama hii", atakuwa na kitu cha kupimia, na mteja atakuwa na kitu cha kudai.